Waya wa Breki Hauungwi

Nyangeta mwanangu,

Salamu tulishapeana saa saba mchana juu ya sahani ya ugali na sato, kwa hiyo sitakuuliza habari yako. Naijua. Umeshiba, umefunga begi mara mbili na kulifungua mara tatu, na sasa umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya. Mkianza kuimba hamjui kuacha, hivyo nina kama saa mbili za mwanga kabla hujarudi. Nimekaa kwenye benchi la karakana, spana nimezisukuma pembeni, na karatasi imeshapata doa la grisi. Usilikasirikie. Barua ya fundi isiyo na grisi ameiandika mtu mwingine.

Mambo ya kuchemsha maji, kuchomekea chandarua na kutokula dagaa waliolala atakuambia mama yako, na akimaliza ataanza upya. Mimi nina jambo moja tu. Nitalizunguka kidogo kabla ya kulifikia, kwa sababu nimelizunguka tangu kabla hujazaliwa na miguu imezoea njia hiyo.

Unakumbuka Jumamosi tulivyofanya kazi hapa. Uliniambia kwamba huko Kisorya ofisi haijakupa usafiri, ng'ombe wa kata nzima wanakungoja na sindano yako, na ile pikipiki yangu ya zamani imekaa chini ya turubai inazeeka bure. Nikakupa. Ulipoikalia tukacheka wote wawili, maana usukani wake ulikuwa juu, umepinda kama pembe za fahali, na wewe umerithi mikono mifupi ya bibi yako uliyepewa jina lake. Ulionekana kama mtu anayetundika nguo kwenye kamba ya jirani. Nikasema, mama, hivi hufiki hata Guta, mabega yatakuwa yamekufa. Tukaamua kuzitoa pembe na kufunga usukani mfupi, ulionyooka, ulio chini.

Ulidhani ni kazi ya dakika ishirini. Kufungua vibano, kutoa pembe, kuweka usukani mpya, kukaza, kwisha. Kisha ukaona waya wa breki ya mbele umebaki mrefu, umejikunja mbele ya taa kama utumbo wa kuku. Ukasema tuufunge pembeni kwa mpira. Nikakataa, tena nikakufokea kidogo, na naomba radhi kwa kufoka ingawa siombi radhi kwa kukataa. Waya uliokunjwa kwa nguvu unakuwa mzito. Ukivuta hauendi vizuri, ukiachia haurudi vizuri, na breki inabaki imeng'ata hadi gurudumu linanuka. Ilibidi nitafute mfupi wa pikipiki za siku hizi. Kichwa chake kikakataa kuingia kwenye mkono wa breki wa zamani, nikabadilisha na mkono wenyewe. Mkono mpya ukawa unavuta waya kidogo kuliko ule wa kwanza, ikabidi nishuke kule chini kwenye gurudumu nirekebishe mkono mdogo unaotanua breki shuu zinazokamata gurudumu. Halafu nikawasha injini nikageuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, nikisikiliza kama mngurumo unapanda wenyewe na kuangalia kama vidole vyako vitabanwa kwenye tangi. Ulinihesabia. Ulisema nimegeuza mara kumi na moja.

Nilipomaliza nikakuambia ipeleke pale kwenye barabara ya vumbi, ukimbie nayo kidogo, ufunge breki, uone inavyoshika. Wewe ukajifuta mikono kwenye kitambaa, ukacheka, ukasema:

"Umefunga wewe, Baba. Nipime nini?"

Nikacheka na mimi. Kisha nikasema nakwenda kuangalia mihogo, na nilikwenda kweli, lakini sikuangalia muhogo wowote. Nilisimama kule nyuma ya nyumba nikiutazama ukuta. Uliposema vile ulikuwa unanipenda, najua, na hakuna baba asiyetamani kusikia maneno kama hayo. Lakini mimi siyastahili, na sababu yake ndiyo hii barua.

Zile pembe nilizitengeneza mwenyewe. Hilo unalijua, nimelisema sana, mpaka mama yako akisikia naanza anaondoka kwenda kuchota maji ambayo yapo. Nilikuwa kijana, nafanya kazi Bunda kwenye gereji ya Mzee Kulwa, mtu wa Guta, fundi ambaye alikuwa akisikia injini barabarani anakutajia ugonjwa wake kabla haijafika. Pikipiki ilikuwa ya padre mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Aliiacha kwa Mzee Kulwa, na Mzee Kulwa akanipa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na subira nayo. Ilikuwa mashine nzuri ya Kijapani, ya kizee, inaguruma taratibu. Ilitosha kabisa ilivyokuwa. Mimi sikutosheka.

Nilitaka nikipita sokoni watu wageuke. Ilikuwa msimu wa pamba, watu wamejaa Bunda kutoka kila upande, na nilikuwa nimeshamwona mama yako kanisani akiwa amevaa gauni la kijani. Nikachukua bomba la chuma, nikalijaza mchanga mkavu na kuziba huku na huku ili lisibonyee, nikalipasha moto kwenye mkaa na kulikunja kidogo kidogo siku nzima, mpaka nikapata pembe zile. Zilipendeza, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Watoto walinikimbilia. Watu wazima waliniita Magesa wa Pembe, na wengine waliniuliza kama mashine inatoa maziwa. Mama yako aligeuka. Aliniambia baadaye kwamba aligeuka kwa kunionea huruma, lakini aligeuka.

Sasa ukipandisha usukani juu hivyo, nyaya zote zinakuwa fupi. Waya wa klachi haufiki, wa akselereta haufiki, wa breki haufiki. Bunda nzima hapakuwa na waya wa breki wa urefu ule. Mwenye akili angeshusha pembe au angengoja mtu aende Mwanza. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba Jumapili nitapita. Nikachukua nyaya mbili, nikaziunga katikati kwa kibano kidogo cha baiskeli chenye skrubu, nikakaza na kufunika kwa mpira wa bomba usionekane.

Mzee Kulwa hakuhitaji kuuona. Alivuta mkono wa breki mara moja, akauachia, akaniangalia.

"Magesa, hapa umeunga."

"Nimeunga vizuri, Mzee. Vutaga kwa nguvu uone."

"Unga klachi ukitaka. Klachi ikikatika utasukuma, utachelewa, watakucheka. Waya wa breki hauungwi."

"Mwezi ujao nitabadilisha."

"Nilikuwaga na mwanafunzi anasema hivyo hivyo," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Hakuniambia mwanafunzi yule alipata nini, na sikumuuliza. Mwezi ulikuja ukapita; ule waya mrefu mzima uliouona Jumamosi nilikuja kuuagiza Mwanza nikiwa nimeshachelewa. Breki ilikuwa inashika, watu walikuwa wanageuka, na mimi nilikuwa nimeoa.

Sasa nafika mahali unapopajua wewe. Sherehe ya kipaimara kwa ndugu wa mama yako, mteremko kabla ya kuingia Butiama, mbuzi akakatiza barabara, tukaanguka kwenye mawe, mama yako akavunjika nyonga. Umeisikia hadithi hii tangu unanyonya. Ulipokuwa darasa la pili ulirudi unalia kwa sababu wenzako waliigiza mwendo wa mama yako, nikakuweka kwenye paja nikakuambia, "Si kosa la mtu, mama. Ni mbuzi tu." Uliwachukia mbuzi mwaka mzima. Leo umesomea kuwatibu.

Mbuzi alikuwepo, Nyangeta. Hapo sikuongeza kitu. Lakini alikuwa mbali. Nakuandikia kwa mkono wangu: alikuwa mbali. Alikuwa anakatiza taratibu kama mbuzi aliyeshiba, na mtu mwenye breki nzima angepunguza mwendo, akampisha, akaendelea na mazungumzo yake. Nilivuta breki, ikashika kidogo, kisha nikasikia kitu kinateleza ndani ya ule mpira na mkono wa breki ukaja wote mpaka kwenye mshiko, laini, hauna kitu. Nikakanyaga ya nyuma. Breki ya nyuma peke yake, mteremkoni, na mtu mmebebana, ni kama kumzuia ng'ombe kwa kumshika mkia. Tairi likaserereka. Mbuzi akasimama kutushangaa. Nikamkwepa, tukaingia kwenye mawe. Mimi nilichunika kiwiko tu. Mama yako hakupiga kelele. Alisema, "Magesa, mguu wangu uko wapi?" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kikapu chake. Sijawahi kuisahau sauti hiyo.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa mwenye mbuzi. Bibi Perpetua. Ndiyo, Bibi wako wa uji wa ulezi. Alikimbia kutoka shambani na jembe mkononi, akalitupa, akavua kanga ya juu, akafunga mguu wa mama yako na fimbo mbili kwa namna ambayo daktari baadaye aliisifu. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi na mdomo wake unalia. "Mbuzi wangu. Jamani, ni mbuzi wangu huyu. Nilisahau kumfunga. Nisameheni watoto wangu, nilisahau kumfunga asubuhi."

Pale ndipo nilipokuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi kubwa, mchana kweupe, waya uliochomoka unaning'inia mbele ya macho yangu. Sentensi moja tu ilitosha: Bibi, si mbuzi wako, ni breki yangu. Sikuisema. Sikupanga kudanganya, naomba unielewe, si kwamba nilikaa nikafikiri. Mtu alikuwa amebeba mzigo wangu na kuuweka kichwani mwake mwenyewe, na mimi nikanyamaza tu. Kunyamaza ni kazi nyepesi sana. Watu walipokusanyika nikauchomoa ule waya nikautia mfukoni.

Alikuja hospitali siku ya tatu, kwa miguu na kwa kubembeleza lifti, na unga wa ulezi na kuku. Mama yako alikuwa amelala na mguu umening'inizwa. Bibi akapiga magoti pembeni ya kitanda. Mama yako, unavyomjua, akamwambia, "Inuka Mama, mnyama hana akili, wewe hukututuma tuanguke." Wakalia wote wawili, wakashikana mikono. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika yule kuku. Wiki iliyofuata akamleta mbuzi mwenyewe. Alisema hawezi kumwona tena zizini kwake. Nilimchinja. Nilimla, mwanangu, na alikuwa mtamu, na mpaka leo nikikumbuka ule utamu najisikia vibaya kuliko nikikumbuka ajali yenyewe.

Yaliyofuata umeyaona kwa macho yako. Mama yako hakuweza tena kulima, tukahamia hapa Bweri, akajifunza cherehani anayoikanyaga kwa mguu mmoja. Na kila mavuno Bibi Perpetua alikuja kwa basi na mfuko wa ulezi. Mwaka wa mvua alileta mwingi, mwaka wa ukame alileta kidogo akaomba radhi kwamba ni kidogo. Umelelewa kwa uji wake. Nilimwambia mara nyingi, "Mama, basi, yatosha, umechoka," na watu wakaniona mtu mwema. Unaona jinsi uongo unavyoweza kukuvalisha nguo nzuri? Mimi ndiye niliyemfanyisha kazi mama wa watu miaka ishirini na zaidi, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa kumwambia apumzike.

Ungeniuliza kwa nini sikusema baadaye. Mwanzoni niliogopa mama yako ataniacha. Kisha akaniambia ana mimba yako, nikasema ngoja ajifungue kwanza. Kisha wewe ukaanza kutembea, kisha shule, kisha niliona mama yako na Bibi wamekuwa marafiki kweli, wanachekeana, wanawasema waume zao. Nikajidanganya kwamba nikisema nitawavunjia urafiki. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka uliopita. Mwezi ujao nitabadilisha. Ni maneno yale yale niliyomjibu Mzee Kulwa.

Bibi Perpetua alipofariki mwaka juzi tulikwenda wote watatu. Hapo ndipo ninapokuomba uvumilie kusoma, kwa sababu ulikuwepo. Mwanawe mkubwa, Yohana, alisimama kusoma historia ya marehemu. Akasema mama yetu alikuwa na huzuni moja tu, kwamba mnyama wake alimlemaza mtoto wa watu, na hadi siku za mwisho alikuwa akiuliza kama mbuzi wote wamefungwa. Kisha akageukia upande tuliokaa. Akasema, kwa niaba ya mama yetu, mbele ya jeneza lake, tunaiomba familia ya Fundi Magesa msamaha.

Watu wote waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimetamani watu wageuke nikipita, siku za pembe zangu. Siku hiyo waligeuka. Nikasimama. Nikavua kofia. Nikasema, "Tulishasamehe. Apumzike kwa amani." Watu wakapiga makofi, msibani. Na wewe uliponiona nimekaa ukanishika mkono ukaninong'oneza, "Umesema vizuri, Baba."

Nilitaka ardhi inimeze pale pale kabla haijammeza yeye.

Basi ndilo hilo. Huo ndio mkono uliokufungia breki Jumamosi, na ndiyo maana niligeuza usukani mara kumi na moja. Uliponiuliza nimejifunzia wapi uangalifu wote huu nikakujibu "uzoefu", kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo. Nimejifunzia kwenye nyonga ya mama yako.

Sikuandikii ili uogope pikipiki. Ni mashine nzuri, na sasa imekaa chini inavyopaswa, usukani uko kwenye kimo chako, vidole vyako vinaufikia mkono wa breki bila kujinyoosha. Nakuandikia kwa sababu ya kazi unayoiendea. Huko kwenye mazizi ya watu utakosea. Utakosea dozi siku moja, au utachoma ng'ombe ambaye hakupaswa kuchomwa, na atakufa. Na mwenye ng'ombe, mzee wa watu mwenye heshima zake, atakuangalia wewe binti uliyesoma, kisha atasema, "Labda ni majani aliyokula, daktari. Mtoto wangu alimpeleka kule mtoni, labda ni hayo majani." Atakupa hiyo sababu mkononi, bure, kwa adabu. Hata kijana wake atakuwa ameshaanza kugombezwa. Mwanangu, nakuomba usiipokee. Sijui utapata wapi nguvu ya kuikataa, mimi sikuipata, kwa hiyo siwezi kukufundisha inavyofanywa. Naweza tu kukuambia kwamba ile dakika ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote zitakazofuata. Nilidhani kinyume chake.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Nilitaka niikunje barua niitie kwenye boksi la spana utakazokwenda nazo, uikute huko Kisorya. Nikainuka. Nikamwona mama yako kupitia mlangoni, amekaa na cherehani yake chini ya paa la baraza, anakuzungushia pindo la pazia la chumba chako cha huko. Nikaona kwamba nilikuwa nakaribia kufanya mambo yale yale: kumwambia aliye mbali, na kumwacha aliye karibu.

Nikampelekea. Nikasema, "Mama Nyangeta, soma hii kabla ya mtoto." Akafuta miwani, akasoma. Anasoma taratibu, unamjua, midomo ikicheza. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alipofika mwisho akarudi nyuma karatasi mbili, akasoma tena sehemu moja, kisha akaikunja akaiweka kwenye paja.

"Mguu," akasema, "ningekusamehe siku ile ile. Tungekuwa tumegombana, tukamaliza, tukacheka. Breki inakatikaga."

Akaivua miwani.

"Lakini ule ulezi, Magesa. Mimi nilikuwaga nausaga hapa, nampa mtoto, namwambia bibi anakupenda. Yule mama alikuwa anatoka Butiama na mgongo umepinda, anakaa hapa hapa ulipokaa wewe, ananiuliza mguu unaendeleaje. Na wewe unapita, unasema 'Shikamoo Mama.' Unapita tu!"

"Ndiyo."

"Amekufa anauliza kama mbuzi wamefungwa!"

Hapo akalia, na hakulia kwa ajili ya nyonga yake. Nilitaka kumshika bega, akalitoa. Akalia mpaka akamaliza, akajipangusa kwa kipande cha lile pazia lako, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu yanakuhusu.

"Kesho mtoto anapitia Makutano. Kutoka pale Butiama si mbali. Nitakaa nyuma yake, nishuke kwa akina Yohana, niwaambie watoto wa yule mama kwamba mama yao hakumvunja mtu. Halafu yeye ataendelea na safari yake ya Kisorya."

Nikasema, "Veronika, wewe hupandagi pikipiki." Hajapanda tangu siku ile, Nyangeta. Ukiwa na homa usiku ule wa mvua alikubeba kwa miguu mpaka kwenye barabara ya lami, bodaboda zikimpita zikimpigia honi.

"Siipandi yako," akasema. "Nitapanda ya mwanangu. Wewe utafute basi."

Basi, nimerudi benchi kukuandikia hizi karatasi za mwisho, uzisome usiku huu wala si Kisorya, na jua limeshafika kwenye yale mawe ya huko ziwani, nasikia sauti yenu ya kwaya inatoka njiani. Nimebadilisha mahali pa kuweka mguu upande wa kushoto, nimepashusha na kupasogeza mbele, kwa sababu mguu wake haukunjiki. Nimeipima nati inayopashika kwa mkono na kwa spana. Lakini usiniamini. Nakuomba kesho, kabla ya yeye kukaa, ipeleke kwenye barabara ya vumbi peke yako, ukimbie nayo, ufunge ya mbele, ufunge ya nyuma, ufunge zote mbili. Geuza usukani mpaka mwisho huku na huku. Fuata waya kwa vidole kutoka juu mpaka chini, mzima mzima, uone kama kuna mahali umeungwa. Ukikuta kitu kimoja hukipendi, mwambie mama yako asipande, asafiri siku nyingine. Mimi sitakuwepo kukuambia ni sawa au si sawa.

Sitakuwepo kwa sababu basi la kwanza linaondoka mapema, kabla hamjanywa chai. Mama yako anadhani nitawafuata nyuma, nikifika nikute ameshasema, kama nilivyokuta mambo mengi yameshabebwa na wengine. Nimefikiri hapa benchi nikaona hapana. Nyinyi mje polepole, barabara ni yenu, msikimbie. Mimi nitakuwa uani kwa Yohana nimevua kofia, na mkifika mtakuta nimeshasema.

Baba yako,
Magesa